Osteopathia kwa mzazi na mtoto mchanga: ina tofauti gani na kukanda kwetu?

Mama wa Wawili, Chake Chake

Assalaam alaykum nyote. Nimejifungua mtoto wangu wa pili wiki saba zilizopita, kwa njia ya kawaida, na arubaini nimeimaliza salama, alhamdulillahi. Naomba ushauri katika jambo ambalo nyumbani kwetu limeleta mjadala mrefu. Kila upande unazungumza kwa mapenzi, ndiyo maana sipendi kumvunja mtu moyo kabla sijaelewa mwenyewe.

Tangu mimba ilipofika mwezi wa saba nilikuwa naumwa na kiuno, maumivu yakishuka nyuma ya paja la kulia na mengine yakikaa mbele kwenye kinena, nikadhani yataondoka nikishajifungua. Yamepungua, lakini hadi leo nikigeuka kitandani usiku au nikinyanyua mguu kupanda gari nahisi kama mifupa inasagana. Mtoto naye, kila siku baada ya Magharibi, huanza kulia, hukunja miguu tumboni, uso humwiva, na huendelea hivyo hadi Isha na mara nyingine hupitiliza, ilhali mchana hunyonya vizuri na hulala. Nimeona pia kwamba akilala hugeuza shingo upande wa kulia tu, na kichwa kimeanza kuwa bapa upande huo.

Mama mkwe wangu anasema kwamba mtoto ana chango na kwamba mimi sikukandwa ipasavyo, kwa hiyo aitwe bibi mmoja kutoka Wete aje atukande sote wawili. Wifi yangu, anayefanya kazi hotelini huko Jambiani, anasema kuna mama wa Kizungu anayekuja kila msimu, mtaalamu wa osteopathia, ambaye huwatibu wajawazito, wazazi, watoto wachanga na familia nzima kwa mikono mitupu, kwa upole na bila dawa yoyote. Anasema alimwona akimshika kichwani mtoto wa mgeni mmoja kwa dakika chache, na mtoto aliyekuwa analia akalala. Anataka nivuke niende Unguja. Malipo ni ya dola, na safari ya boti na mtoto wa umri huu si jambo dogo.

Aliye na ujuzi anieleze: osteopathia ni nini hasa, ina nini ambacho kukanda kwetu hakina, na je, ni salama kwa mtoto wa wiki saba?

Mkunga Mstaafu, Unguja

Waalaykum salaam mwanangu, na hongera. Mwenyezi Mungu akukuzie. Nimefanya kazi ya ukunga miaka mingi kabla ya kustaafu, na ombi langu la kwanza ni kwamba mtoto apimwe na muuguzi au daktari kabla ya mtu yeyote kumshika kwa nia ya kumtibu, awe bibi wa Wete au mama wa Jambiani. Mikono yenye upole ina hatari moja ambayo watu hawaifikirii: humtuliza mama, na mama aliyetulizwa huchelewa. Nimewahi kumpokea mtoto aliyekandwa siku mbili kwa kudhaniwa ana chango, kumbe utumbo ulikuwa umejisokota. Waliomkanda walimpenda mno, lakini hakuna mkono wa kukanda unaoweza kuufungua utumbo ule.

Mtoto wa chini ya miezi mitatu ambaye joto la mwili wake limefika nyuzi 38 au zaidi, anayekataa ziwa, anayepumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, anayetapika matapishi ya kijani, mwenye damu katika choo, aliyelegea, aliyepatwa na degedege, au ambaye utosi wake umevimba au umebonyea, huyo hakandwi wala hashikwi kichwa. Anapelekwa hospitali saa hiyo hiyo, na wewe hospitali ya Chake Chake uko nayo karibu. Nawe mwenyewe ukiona damu inazidi, homa, maji ya uzazi yenye harufu mbaya, kichwa kuuma sana pamoja na macho kuona ukungu, au shavu la mguu mmoja kuvimba, kuwa na moto na kuuma, nenda mapema. Hiyo ya mguu naisisitiza, kwa sababu huenda ni damu iliyoganda ndani ya mshipa, na kuuchua mguu wa namna hiyo ni kuialika damu hiyo ing'oke na kupanda kwenye mapafu.

Ikiwa hakuna hata moja kati ya hayo, na uzito wa mtoto unapanda katika kadi yake ya kliniki, basi kilio ulichokieleza kinafanana sana na kile ambacho madaktari hukiita koliki. Daktari Morris Wessel wa Marekani na wenzake walipoandika juu yake mwaka 1954 walikipima kwa hesabu ya tatu tatu: zaidi ya saa tatu kwa siku, zaidi ya siku tatu kwa wiki, kwa zaidi ya wiki tatu, kwa mtoto mwenye afya na anayelishwa vizuri. Aghalabu huanza katika wiki za mwanzo, hufika pagumu kuliko pote karibu na wiki ya sita, kisha hupungua na kuisha chenyewe mtoto anapofikisha miezi mitatu au minne. Shika sana jambo hilo, kwa maana litakusaidia kupima kila utakachosikia kuhusu tiba iliyomponya fulani.

Kwa sasa mbebe wima baada ya kunyonya mpaka acheue, mweke kifuani pako ngozi kwa ngozi, tembea naye mahali penye mwanga hafifu, na ukichoka mpe mwenzako. Usimpe maji ya chango, asali, wala dawa ya miti. Mtoto wa umri huu chakula chake ni maziwa ya mama peke yake hadi miezi sita. Na kamwe asitikiswe, hata na mtu aliyechoka kiasi gani.

Mpemba wa London

Dada yangu, mimi ni mzaliwa wa Mkoani na ninaishi London, ambako nilitibiwa na mtaalamu wa osteopathia katika mimba zangu mbili. Si mganga wala daktari, lakini nililipa fedha zangu na nilitaka kujua ninanunua nini, kwa hiyo nilisoma kwa bidii.

Aliyeianzisha ni Mmarekani, Andrew Taylor Still, aliyezaliwa mwaka 1828. Mwaka 1864 alifiwa na watoto watatu kwa homa ya uti wa mgongo, na tiba za zama zile, ambazo zilitegemea sana vitu kama zebaki, kasumba na pombe, hazikumfaa kitu. Kutokana na msiba ule akazipa mgongo, na mwaka 1874 akatangaza njia yake: kwamba mwili ni kitu kimoja, kwamba umbo la mifupa, misuli na viungo linahusiana na utendaji wa viungo vya ndani, na kwamba mwili una nguvu yake ya kujiponya ikiwa damu inapita vizuri. Mwaka 1892 alifungua skuli yake katika mji wa Kirksville, jimbo la Missouri, na wanawake walipokelewa tangu darasa la mwanzo, jambo ambalo halikuwa la kawaida katika skuli za udaktari za wakati ule. Jina lenyewe limetokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya mfupa na maradhi, ingawa kazi yao haiishii kwenye mifupa.

Baadaye njia hiyo ikagawanyika, na hapo ndipo watu wengi wanapochanganyikiwa. Kwa Marekani, anayehitimu skuli za osteopathia ni daktari kamili anayeandika dawa na kufanya upasuaji. Uingereza, ambako John Martin Littlejohn alianzisha skuli ya osteopathia hapa London mwaka 1917, na katika nchi nyingi za Ulaya, mtaalamu wa osteopathia ni mtu wa mikono tu. Haandiki dawa wala si daktari wa hospitali. Kwa hiyo wifi yako anaposema "mtaalamu", swali la kwanza ni amesomea nchi gani na ameandikishwa wapi. Hapa Uingereza iko sheria ya mwaka 1993, na ni kosa mtu kujiita mtaalamu wa osteopathia bila kuwamo katika daftari la baraza lao, linaloitwa General Osteopathic Council. Daftari hilo liko wazi katika intaneti. Ukiwa na jina lake utalitafuta ukiwa hapo hapo Chake.

Katika mimba yangu ya pili nilikuwa siwezi kupanda ngazi. Yule mama aliyenitibu alitumia karibu nusu ya saa yetu ya kwanza kunihoji tu: mimba ya kwanza ilikuwaje, nalala vipi, nabeba nini, nimewahi kuanguka, presha ikoje, mkunga amesema nini. Kisha akaniangalia nikisimama, nikiinama, nikitembea. Ndipo akanilaza ubavu wa kushoto, na mito kati ya magoti na chini ya tumbo, akaifanyia kazi misuli ya kiuno, makalio na mbavu kwa kuivuta polepole na kuichezesha nyonga bila kishindo chochote. Hakunigusa tumbo kwa nguvu na hakunivunja shingo. Nilitoka nikiwa mwepesi, na wepesi ule ulikaa siku chache. Kilichokaa zaidi ni mazoezi aliyonifundisha.

Na hivyo ndivyo utafiti unavyoelekea kuonesha. Kwa maumivu ya kiuno, yakiwemo ya mimba na ya baada ya kujifungua, upo ushahidi wa kiasi kwamba tiba ya mikono hupunguza maumivu. Taasisi ya NICE, inayotoa miongozo ya tiba huku Uingereza, ilisema mwaka 2016 kwamba tiba ya mikono kwa maumivu ya kiuno itumike pamoja na mazoezi tu, si peke yake. Kwa upande wako wewe, basi, si upuuzi hata kidogo.

Kwa mtoto mambo ni mengine. Kile ambacho wifi yako alikiona, kushika kichwa kwa utulivu, kimetoka kwa mwanafunzi wa Still aliyeitwa William Garner Sutherland, ambaye mwaka 1939 alichapisha mawazo yake kwamba mifupa ya fuvu ina mwendo mdogo wenye mapigo, na kwamba mkono uliofunzwa unaweza kuusikia na kuurekebisha. Ni kweli kwamba mifupa ya fuvu la mtoto mchanga haijaungana. Lakini walipopimwa wataalamu wawili kwa mtu mmoja, kila mmoja alisikia mapigo tofauti na mwenzake, na jambo ambalo mikono miwili haikubaliani juu yake ni vigumu kuliita kipimo. Kuhusu koliki, mapitio ya mwaka 2012 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, yalikusanya majaribio sita ya tiba za mikono, si osteopathia peke yake, yenye watoto 325 kwa jumla. Mengi yalionesha kilio kupungua, ila majaribio yalikuwa madogo, na katika mengi wazazi walijua kama mtoto wao ametibiwa au la, na wazazi ndio waliokuwa wakiandika saa za kilio. Hawakuweza kusema kwamba inatibu.

Jambo la mwisho, na kwangu ndilo zito kuliko yote. Ufaransa, ambako osteopathia imetambuliwa kisheria tangu mwaka 2002 na watu wengi hupeleka watoto wao huko, kanuni ya mwaka 2007 inamkataza mtaalamu asiye daktari kuchezesha fuvu, uso au uti wa mgongo wa mtoto wa chini ya miezi sita mpaka daktari ampime na kuandika kwamba hakuna kizuizi. Kanuni hiyo hiyo inamkataza kabisa kumfanyia mwanamke uchunguzi wa ndani ukeni. Ikiwa nchi iliyoizoea kazi hii imeweka uzio huo, sisi tusione haya kuuliza.

Mwalimu wa Skuli, Paje

Mimi nina maoni tofauti kidogo, na nayasema kwa heshima. Mwanangu wa kiume alilia kwa wiki tano bila kupumzika. Nilimpeleka mara mbili kwa mtaalamu wa aina hiyo aliyekuwa akiishi huku pwani, na baada ya mara ya pili tulilala usiku mzima nyumba nzima. Hakuna aliyemvuta wala kumkandamiza. Nilimpakata mwenyewe, na yeye aliweka kiganja chini ya kisogo chake na kingine chini ya mgongo, basi. Naamini kilimsaidia, na mimi mwenyewe nilisaidiwa zaidi, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza tangu nijifungue kwa mtu kunikalisha na kuniuliza ninalala saa ngapi.

Mkunga Mstaafu, Unguja

Mwalimu, sikukanushi uliyoyaona, na nimefurahi kwamba mtoto alitulia. Naomba tu tujiulize alikuwa na umri gani siku aliyotulia. Kama kilio kilianza wiki ya tatu na kikadumu wiki tano, na ukampeleka mara mbili kwa nafasi ya wiki moja au mbili, basi mara ya pili iliangukia wakati ambapo kilio hiki huanza kushuka chenyewe kwa watoto wengi. Ndiyo maana kila familia ina dawa yake ya chango iliyofanya kazi, na zote hutolewa karibu umri uleule. Lakini hilo la kukalishwa na kuulizwa unalala saa ngapi, hilo nalichukua. Katika kliniki zetu foleni ni ndefu, na mara nyingi tunampima mtoto na kumsahau aliyembeba.

Binti wa Mkandaji, Wete

Marehemu mama yangu alikanda wazazi hapa Wete kwa zaidi ya miaka thelathini, na kazi aliirithi kwa bibi yangu. Nimesoma yote yaliyoandikwa juu ya kumhoji mtu kwanza, kumwangalia anavyotembea, kumlaza ubavu, nami nikamwona mama yangu. Yeye pia hakuanza na mkono. Alikaa, akanywa chai, akamwangalia mzazi anavyoinuka kitini, akauliza nani anateka maji, nani anapika, mtoto mkubwa ameonaje kuja kwa mdogo wake. Kisha maji ya moto, kanga iliyokunjwa, mafuta ya uta yaliyopashwa, kiuno na mabega na miguu, na mwisho mkaja. Wakati mzazi anajipumzisha yeye alimwosha mtoto na kumpaka mafuta. Aliyafanya hayo siku baada ya siku hadi arubaini, na kwa familia isiyo na kitu alichukua alichopewa. Neno "familia nzima" kwake halikuwa tangazo.

Lakini nataka kuwa mkweli, maana mama mkwe wako anastahili kuambiwa ukweli na mtu wa upande wake. Yapo mambo ambayo mama alirithi na baadaye akayaacha. Zamani walikuwa wanamning'iniza mtoto kwa mikono ili viungo vifunguke, wakimkamua matiti mtoto mchanga, na wakisukuma tumbo la mjamzito ili kumgeuza mtoto aliyekaa vibaya. Muuguzi mmoja wa kituo cha afya alikaa naye akamweleza kwamba kulisukuma tumbo kunaweza kuibandua kondo ya nyuma na mama akamwaga damu mpaka akafa, na kwamba kumkamua mtoto matiti huleta jipu. Mama alinyamaza siku nzima. Tangu siku hiyo hakusukuma tumbo tena, na mzazi aliyepasuliwa alikuwa hamgusi tumbo kabisa mpaka aambiwe na hospitali kwamba kidonda kimepona. Alimkanda mabega na miguu tu, na maji aliyapima joto kwa kiwiko chake mwenyewe.

Kwa hiyo akija huyo bibi, mwulizeni kwa adabu: wapi hagusi? Mkandaji anayejua kazi yake atakutajieni. Asemaye kwamba anagusa kila mahali na anatibu kila kitu, mshukuruni, mpeni chai, na mkono wake usifike kwa mtoto.

Fundi wa Viungo, Unguja

Ninafanya kazi ya fiziotherapia hospitalini, na katika maelezo ya muulizaji kuna jambo moja ambalo limepitwa haraka, nalo ndilo lililonifanya niandike: shingo ya mtoto kugeukia upande mmoja na kichwa kuwa bapa. Hilo si chango wala si koliki, na halina uhusiano na kilio cha jioni. Mara nyingi ni msuli mmoja wa shingo uliokaza tangu tumboni au wakati wa kuzaliwa, na kwa kuwa mtoto hulalia upande uleule, fuvu laini hufuata umbo la anacholalia. Marekani waliliona hili kwa wingi baada ya kampeni ya mwaka 1994 ya kuwalaza watoto chali, ambayo ilipunguza sana vifo vya ghafla vya usingizini. Kwa hiyo aendelee kulala chali usiku na mchana. Kinachobadilishwa ni mambo mengine.

Mlaze leo kichwa huku na kesho kule, ili taa, dirisha au uso wako uwe upande wa kushoto kwake na ajilazimishe kugeuka. Akiwa macho na wewe uko hapo unamtazama, mlaze kifudifudi juu ya kifua chako au juu ya jamvi, dakika mbili tatu, mara kadhaa kwa siku, na muda uongezwe kadiri anavyozoea. Mbebe kwa namna ambayo hakai upande mmoja siku nzima. Usiivute shingo mwenyewe kabla hujaoneshwa. Mlete katika kitengo cha fiziotherapia au kwa daktari wa watoto wamguse shingo na kuangalia nyonga pia, kwa sababu matatizo haya mawili wakati mwingine hufuatana. Likishughulikiwa mapema katika miezi hii ya mwanzo, wengi hunyooka bila shida, na ukingojea mwaka kazi inakuwa ngumu.

Kuhusu wewe mwenyewe, maumivu uliyoyaeleza yana sura ya maumivu ya nyonga ya ujauzito, ambayo hukadiriwa kumpata mjamzito mmoja kati ya watano. Mimba hulegeza kano zinazoshika mifupa ya nyonga mbele na nyuma, tumbo huvuta uzito mbele, na kiungo kinachopaswa kutulia kinacheza zaidi ya kawaida. Kwa wengi huisha ndani ya miezi michache baada ya kujifungua, na mazoezi huharakisha. Ukigeuka kitandani bana magoti pamoja na ugeuke mwili wote kwa pamoja. Vaa suruali au sketi ukiwa umekaa. Ukipanda gari, kaa kwanza, kisha ingiza miguu yote miwili pamoja. Usimbebe mtoto mkubwa kwenye nyonga moja. Na zoezi la kukaza misuli ya chini, kana kwamba unazuia mkojo na upepo kwa wakati mmoja, ufanye kila siku, ukikaza kwa sekunde chache na kuachia kabisa.

Mkaja unaweza kukufaa, ila si kwa namna unavyofungwa na wengi. Ukifungwa juu na kukazwa tumboni, husukuma uzito wote chini, kwenye misuli ile ile iliyochoka kwa uzazi. Ukishushwa ukazunguka nyonga, chini ya mifupa miwili ya mbele ya kiuno, ukakazwa kiasi cha kupitisha kiganja, unafanya kazi inayofanana na ile ya mikanda ya nyonga tunayowapa wagonjwa. Jaribu kutembea ukiwa nao hivyo. Kama maumivu yanapungua, ni dalili kwamba nyonga inataka kushikwa.

Mama wa Wawili, Chake Chake

Nawashukuru nyote, kwa kweli. Jana nilimpeleka mtoto hospitali. Hana homa, uzito umepanda vizuri, tumbo laini. Daktari alimgusa shingo akakuta kwamba upande mmoja umekaza kidogo, na nyonga zake ni nzima. Tumepangiwa kurudi kwa fiziotherapia wiki ijayo. Mkaja nimeushusha kama nilivyoelekezwa, na leo asubuhi nimeingia kwenye gari bila kushika mlango kwa mikono miwili.

Swali moja limebaki, kwa dada wa London. Wifi yangu hakati tamaa, na sitaki aone kwamba nimeipuuza huruma yake. Je, nikienda Jambiani kwa ajili ya kiuno changu tu, bila mtoto, nitakuwa nimekosea?

Mpemba wa London

Hujakosea hata kidogo, ikiwa fedha zipo na safari haikuumizi. Mwambie kabla hujalala kitandani kwake kwamba umejifungua wiki ngapi, kwamba nyonga inauma mbele na nyuma, na kwamba hutaki kuvunjwa shingo wala kiuno kwa kishindo. Mwulize ameandikishwa wapi huko kwao, na pia kama anatambuliwa na mamlaka za afya za Zanzibar, kwa sababu kibali cha kufanya kazi hotelini na kibali cha kutibu watu ni vitu viwili. Mwulize atakufundisha mazoezi gani ya kurudi nayo nyumbani. Akikupangia mara kumi za kulipia kabla hata hajakugusa, rudi zako Pemba. Na unaweza kutaka awepo wifi yako chumbani muda wote; mtaalamu wa kweli hakasiriki kwa hilo.

Mama wa Wawili, Chake Chake

Nimemweleza wifi, ameridhika, na amesema atanisubiri shingo ya mtoto ikishaangaliwa. Mama mkwe nilimsomea aliyoyaandika binti wa Wete, neno kwa neno. Akasikiliza mpaka mwisho, akaniambia kwamba yule bibi anamjua, na kwamba hata yeye tumbo la mzazi haligusi siku hizi. Anakuja Ijumaa baada ya sala. Atanikanda mabega, mgongo na miguu, na mtoto tumekubaliana atampaka mafuta tu, mimi nikiwa nimempakata.